Julai Iliyolipwa Mara Mbili: Ritani ya Mfanyakazi Aliyehama Kazi Katikati ya Mwaka

Mlipakodi wa kisa hiki ni mfamasia mkazi wa Nakuru ambaye mwaka 2025 alifanya kazi kwa waajiri wawili, akaendesha mafunzo mafupi nje ya ajira yake, akalipia bima ya elimu ya mtoto, na akapokea kodi ya vyumba vitatu anavyopangisha Njoro. Si mtu mmoja mahususi: hali yake imejengwa kutokana na mambo ambayo waandaaji wa ritani (taarifa za mapato na kodi) nchini Kenya hukutana nayo kila msimu, na hesabu zote zimefuata viwango vilivyotumika mwaka huo. Senti zimeachwa ili tarakimu zifuatike kwa urahisi.

Swali lake lilikuwa fupi. Waajiri wote wawili walimkata kodi ya mshahara kila mwezi, nao walimpa fomu ya P9, inayoonyesha malipo yake na kodi iliyokatwa kila mwezi; basi kwa nini mtandao wa iTax, unaotumika kuwasilisha ritani, baada ya kuingiza tarakimu za fomu zote mbili bila kubadilisha chochote, ulimwonyesha kwamba anadaiwa Sh7,617? Alidhani mwajiri mmoja hakuwasilisha makato yake kwa Mamlaka ya Ushuru Kenya, KRA. Hiyo ndiyo dhana ya kwanza ya karibu kila anayekutana na deni la namna hii, na mara nyingine huwa kweli, lakini hapa haikuwa hivyo. Kila mwajiri alikata sawasawa na kuwasilisha kwa wakati. Deni lilitokana na mwezi mmoja tu, Julai, na lingeonekana mapema kama fomu hizo mbili zingewekwa kando kwa kando kabla ya mtandao kufunguliwa.

Tuanze na karatasi zenyewe. P9 ya mwajiri wa kwanza, hospitali ya binafsi, ilikuwa na miezi saba: Januari hadi Juni kwa mshahara wa Sh120,000 kwa mwezi, na Julai yenye malipo ya mwisho ya Sh100,000, yaani nusu mwezi pamoja na fidia ya siku za likizo ambazo hakuzichukua. Jumla ya malipo ghafi ikawa Sh820,000. P9 ya mwajiri wa pili ilianza na nusu ya Julai, Sh75,000, ikafuatwa na miezi mitano ya Sh150,000, jumla Sh825,000. Kila fomu iliondoa michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), mchango wa bima ya afya ya SHIF wa asilimia 2.75 na tozo ya nyumba za bei nafuu ya asilimia 1.5 kabla ya kodi kupigwa, kama inavyotakiwa tangu marekebisho ya sheria za kodi yaliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024. Mapato ya kutozwa kodi yakabaki Sh757,070 kwa mwajiri wa kwanza na Sh764,017 kwa wa pili, na kodi iliyokatwa ikawa Sh173,804 na Sh183,505.

Ni vyema kusimama hapa kidogo, kwa sababu mtu anayekagua P9 yake kwa mara ya kwanza huenda akashtushwa na tofauti ndogo kati ya Januari na Februari. Mshahara ni uleule, Sh120,000, lakini mchango wa NSSF uliruka kutoka Sh2,160 hadi Sh4,320, kwa kuwa kiwango cha juu cha mshahara unaohesabiwa kilipandishwa kutoka Sh36,000 hadi Sh72,000 mwezi Februari 2025. Hilo si kosa la mhasibu. Kosa lingekuwa kama mabadiliko hayo hayakuonekana.

Sasa mstari wa Julai. Katika fomu ya hospitali, mapato ya kutozwa kodi ya mwezi huo ni Sh91,430, kodi iliyopigwa ni Sh22,212, nafuu ya kibinafsi (punguzo la kodi analopewa kila mkazi) ni Sh2,400, na iliyokatwa ni Sh19,812. Katika fomu ya mwajiri mpya, mwezi huohuo, mapato ya kutozwa ni Sh67,492, kodi ni Sh15,031, nafuu ya kibinafsi ni Sh2,400 tena, na iliyokatwa ni Sh12,631. Kwa jumla alikatwa Sh32,443 kwa mwezi ambao, kama malipo yote yangetoka mfuko mmoja, angekatwa Sh40,060. Tofauti ni Sh7,617, deni lilelile alilooneshwa na iTax.

Sababu yake iko katika ngazi za kodi. Tangu Julai 2023, Sh24,000 za kwanza za kila mwezi hutozwa asilimia 10, Sh8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, na zinazozidi hapo, kwa watu wa kipato cha mfamasia huyu, hutozwa asilimia 30. Anayefikia ngazi ya asilimia 30 huwa ameokoa, ikilinganishwa na kutozwa asilimia 30 kwa mapato yote, Sh4,800 katika ngazi ya kwanza na Sh417 katika ngazi ya pili, kisha hupunguziwa Sh2,400 za nafuu ya kibinafsi. Jumla ya manufaa hayo ni Sh7,617 kwa mwezi, au Sh91,400 kwa mwaka. Sheria inampa kila mkazi manufaa hayo kwa miezi kumi na miwili. Mfamasia wetu aliyapata mara kumi na tatu, saba kwa mwajiri wa kwanza na sita kwa wa pili, kwa kuwa kila ofisi ya mishahara iliuchukulia mwezi wa Julai kana kwamba yeye hana chanzo kingine cha mapato. Ritani ya mwaka, ambayo hujumlisha mapato yote na kutoa manufaa mara moja tu, inadai kurudishiwa ile ya kumi na tatu.

Je, jambo hili lingezuilika? Kwa sehemu tu. Mwajiri mpya anapowasilisha ritani yake ya kila mwezi ya kodi ya mishahara anaweza kumwingiza mfanyakazi kama aliye na ajira nyingine, na hapo nafuu ya Sh2,400 haitolewi, lakini ngazi za chini bado zingetumika na deni la zaidi ya Sh5,000 lingebaki. Kwa maoni yangu haina haja ya kuisumbua ofisi ya mishahara kwa ajili ya mwezi mmoja. Inatosha mtu ajue kwamba deni lipo na aliwekee akiba. Aliyekaa mwezi mzima bila kazi kati ya ajira mbili yuko katika hali ya kinyume: manufaa ya mwezi mmoja hayakutumika, na ritani iliyojazwa vyema huonyesha kwamba alilipa zaidi.

Baada ya fomu za P9, mfamasia alilazimika kuandaa karatasi za mapato ya mafunzo, na hapa ndipo kazi ilipochukua muda. Aliendesha vipindi viwili vya mafunzo kwa shirika moja, kila kimoja kwa ada ya Sh40,000. Ada za kitaalamu zinazofikia Sh24,000 kwa mwezi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 na anayelipa, ambaye anatakiwa kuiwasilisha KRA ndani ya siku tano za kazi. Mfumo kisha hutoa cheti kinachomfikia mlipwaji kwa baruapepe. Taarifa ya benki ilionyesha kuingia kwa Sh38,000 mara mbili. Hata hivyo, katika baruapepe yake na katika akaunti yake ya iTax kulikuwa na cheti kimoja tu, cha Sh2,000, cha kipindi cha Machi. Cha Oktoba hakikuwapo.

Wengi wakifika hapa huandika Sh38,000 kama mapato, kwa hoja kwamba ndizo zilizoingia benki. Hilo ni kosa maradufu. Mapato ni Sh40,000, kwa kuwa Sh2,000 zilizokatwa ni kodi aliyolipiwa, si punguzo la bei. Na akiandika Sh38,000 halafu akadai pia cheti, ritani yake itapingana na ile ya aliyemlipa. Njia sahihi ni kuandika Sh80,000 kama mapato ya mwaka, na kudai Sh4,000 kama kodi iliyokwisha lipwa pale tu vyeti vyote viwili vinapopatikana. Taarifa ya benki pekee haitoshi kuthibitisha kwamba kodi ilimfikia KRA. Inathibitisha tu kwamba fedha hazikumfikia yeye. Aliandikia ofisi ya fedha ya shirika, akiambatisha ankara ya Oktoba na ukurasa wa taarifa ya benki, akiomba cheti kitolewe kwa PIN yake, yaani nambari yake ya mlipakodi. Barua hiyo, yenye tarehe, iliingia kwenye faili kama hati nyingine yoyote.

Upande wa gharama ulikuwa na uchungu zaidi. Kuendesha vipindi hivyo kulimgharimu Sh30,000: uchapishaji wa vitini Sh12,000, na Sh18,000 za gari la kukodi na vifaa vya kuandikia. Mchapishaji alimpa ankara ya eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki) yenye PIN yake kama mnunuzi. Wengine walimpa risiti za mkono, moja ikiwa imeandikwa kwa kalamu nyuma ya kadi ya duka. Tangu Januari 2024, gharama za biashara zisizo na ankara ya eTIMS hazikubaliwi katika kukokotoa kodi, isipokuwa zile chache ambazo sheria na kanuni zimezitoa nje, na za mfamasia huyu hazikuwa miongoni mwazo. Sh18,000 zilizotumika kihalali kabisa ziliachwa nje ya hesabu, na kwa ngazi yake ya asilimia 30 zilimgharimu Sh5,400 za kodi. Mtu anaweza kuiona sheria hii kuwa kali kwa mwenye shughuli ndogo, nami nakubaliana naye, lakini ukali wake haubadilishi kinachoandikwa kwenye ritani. Faida ya mafunzo ikawa Sh68,000, kodi yake Sh20,400, na baada ya kuondoa Sh4,000 za zuio zikabaki Sh16,400.

Kishawishi cha kuyaacha mapato haya yote nje ya ritani kipo, na wahudumu wengine wa saiba hukitoa kama ushauri: jaza P9 pekee, au hata jaza ritani ya sufuri umalize. Kwa mtu mwenye P9 mkononi, ritani ya sufuri ni tamko la uongo. Kuhusu mafunzo, aliyemlipa tayari amekwisha iambia KRA, kwa kuwasilisha kodi ya zuio, kwamba PIN fulani ililipwa kiasi fulani tarehe fulani. Kuanzia ritani za mwaka 2025, KRA imetangaza kwamba mapato na gharama vitalinganishwa na rekodi za eTIMS, kodi ya zuio na forodha. Kinachofichwa hapa kimekwisha andikwa mahali pengine.

Hati iliyomfaa zaidi ilikuwa cheti cha bima. Kwa bima ya elimu yenye muda wa kuiva usiopungua miaka kumi, mlipakodi hupata nafuu ya asilimia 15 ya malipo aliyoyatoa, ilimradi nafuu yote ya bima isizidi Sh60,000 kwa mwaka. Mfamasia alilipa Sh5,000 kila mwezi, Sh60,000 kwa mwaka, hivyo nafuu yake ni Sh9,000. Hakuna mwajiri aliyemhesabia kwa sababu hakuwahi kuwapelekea cheti. Cheti alichopewa kwanza na kampuni kilikuwa barua ya shukrani yenye jumla ya malipo tu, na hakikufaa: sehemu ya bima ndani ya ritani hudai PIN ya kampuni ya bima, nambari ya bima, tarehe ya kuanza na ya kuiva, kiasi kilichokatiwa bima na malipo ya mwaka. Aliomba cheti cha kodi cha mwaka 2025 chenye mambo hayo yote, akakipata. Nakala yake ipelekwe pia kwa mwajiri mpya, kwani Sheria ya Fedha ya 2025 imewataka waajiri watoe nafuu zote zinazomstahili mfanyakazi wanapokokotoa kodi ya mwezi. Hakuna sababu ya kungoja mwaka mwingine uishe.

Vyumba vya Njoro havikuleta kazi. Kodi ya pango ya Sh27,000 kwa mwezi, Sh324,000 kwa mwaka, imo kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni, kwa hiyo hutozwa asilimia 7.5 ya pato ghafi bila kuondoa gharama, na ritani yake huwasilishwa kila mwezi kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Alikuwa akilipa Sh2,025 kila mwezi. Kodi hiyo ya asilimia 7.5 ni ya mwisho, na mapato hayo hayajumlishwi na mshahara. Vivyo hivyo riba ya akaunti yake ya benki, iliyokwisha katwa asilimia 15. Stakabadhi za malipo hayo zinahifadhiwa tu, ili akiulizwa chanzo cha fedha zilizopita katika akaunti aweze kukionyesha.

Hesabu nzima, basi, ni hii. Mapato ya ajira ya kutozwa kodi ni Sh1,521,087, ya mafunzo Sh68,000, jumla Sh1,589,087. Kodi yake baada ya ngazi zote na nafuu ya kibinafsi ya Sh28,800 ni Sh385,326. Ukiondoa nafuu ya bima, Sh9,000, zinabaki Sh376,326. Waajiri walikwisha kata Sh357,309, na kodi ya zuio, vyeti vyote viwili vikipatikana, ni Sh4,000. Deni ni Sh15,017.

Jambo ambalo huwaponyoka hata walipakodi waangalifu ni tarehe ya deni hilo. Kila mtu nchini anaijua tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, ambayo akiipita mtu binafsi hutozwa Sh2,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, ipi iliyo kubwa. Lakini salio la kodi yenyewe hutakiwa kulipwa ifikapo tarehe 30 Aprili. Mwenye mwajiri mmoja na P9 moja hana haja ya kuijua tarehe hiyo, kwa kuwa kwa kawaida hana salio, na ndiyo maana haizungumzwi. Mfamasia huyu, kama angejaza ritani yake wiki ya mwisho ya Juni akiamini amewahi, angekuta adhabu ya asilimia 5, Sh751, pamoja na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, takribani Sh300 kwa Mei na Juni. Si fedha nyingi, ila zinatozwa kwa jambo ambalo karatasi zingelionyesha tangu Januari: P9 ya mwajiri wa kwanza alikuwa nayo tangu alipoondoka, na P9 ya pili hutolewa mwaka unapofungwa.

Kwa hiyo mpangilio wa faili lake ulifuata Aprili, si Juni. P9 mbili ziliwekwa mbele, zikiwa zimelinganishwa na hati za mshahara za kila mwezi na taarifa ya benki. Zilifuatwa na ankara mbili za mafunzo, kila moja na cheti chake cha zuio au barua ya kukidai. Ankara ya eTIMS ya mchapishaji. Cheti cha bima. Kisha stakabadhi za kodi aliyolipa KRA kwa ajili ya pango. Kabla ya kujaza chochote, PIN ya kila mwajiri ilinakiliwa kutoka kwenye P9 yenyewe, kwa kuwa hudaiwa katika sehemu ya mapato ya ajira na kurudiwa katika sehemu ya kodi iliyokatwa, na herufi moja ikikosewa makato yanaweza kuonekana kama hayapo. Risiti za mkono za Sh18,000 hazikutupwa. Zimewekwa mwishoni mwa faili, kwa kuwa sheria inataka kumbukumbu zihifadhiwe kwa miaka mitano, na kumbukumbu ni pamoja na zile zisizompa mtu nafuu yoyote.

Lililobaki ni cheti cha Oktoba. Kikitolewa kabla ya mwisho wa Aprili, atalipa Sh15,017 kwa hati ya malipo ya iTax na kuwasilisha ritani wakati wowote kabla ya Juni kuisha. Kisipotolewa, ushauri wangu ni alipe Sh17,017, yaani bila kudai zile Sh2,000, awasilishe ritani kwa hesabu hiyo, kisha cheti kikifika aifanyie marekebisho ndani ya muda wa miaka mitano unaoruhusiwa na kuomba Sh2,000 zirejeshwe au zihesabiwe katika kodi ijayo. Kuzidai kabla ya cheti kunaweza kumzalishia deni jipya lenye adhabu, wakati anayepaswa kuulizwa ni yule aliyezikata.